Foleni ya Mlangoni: Kumbukumbu na Mafunzo Kuhusu Kukwama kwa Michezo ya Mtandaoni

Kukwama kwa michezo ya mtandaoni, hali ambayo vijana huiita kuganda au kustaki, ni pengo la muda kati ya tendo la mchezaji na matokeo ya tendo hilo kuonekana kwenye skrini yake. Mchezaji anapobonyeza kitufe cha kupiga mpira, taarifa ya tendo hilo hufungwa katika furushi dogo la data liitwalo pakiti, husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayowakutanisha wachezaji na kuamua nani amefunga na nani amekosa, kisha jibu humrudia mchezaji. Safari hiyo ya kwenda na kurudi hupimwa kwa milisekunde, ambazo elfu moja hufanya sekunde moja, na kipimo chake wachezaji hukiita pingi. Pingi ikiwa 40, mkono na jicho huenda pamoja. Ikifika 200, mlinda mlango huanza kuruka mpira ukiwa umeshatinga wavuni. Na ikipanda na kushuka ovyo, mchezo huharibika zaidi ya hapo, kwa sababu mchezaji anaweza kuzoea kuchelewa kusikobadilika, lakini hana namna ya kujiandaa kwa kuchelewa kusikotabirika.

Kasi ya intaneti na ucheleweshaji ni mambo mawili tofauti, ingawa matangazo ya vifurushi vya nyumbani hutaja kasi peke yake. Kasi, inayohesabiwa kwa megabiti kwa sekunde, ni wingi wa data inayoweza kupita katika muda fulani, ilhali ucheleweshaji ni muda ambao pakiti moja hutumia njiani. Meli kubwa iendayo Unguja hubeba abiria wengi kuliko boti, lakini msafiri mmoja mwenye haraka hafaidiki na wingi wa viti, na akikuta watu wamejipanga hadi nje ya geti la bandari, ukubwa wa chombo kinachomsubiri hauna maana kwake. Mechi ya mtandaoni ni msafiri wa namna hiyo. Data yake ni ndogo, mara nyingi chini ya megabiti moja kwa sekunde, lakini kila pakiti inayochelewa hupoteza thamani yake, kwa kuwa habari ya mahali mpira ulipokuwa robo sekunde iliyopita haimsaidii mtu anayetaka kuupiga sasa.

Sehemu ya kwanza ya ucheleweshaji hutokana na umbali, na sehemu hiyo haiwezi kuondolewa na mtu yeyote. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg kuna karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 25; hadi Frankfurt, Ujerumani, kuna takriban kilomita 7,000, na safari hiyo haiwezi kupungua milisekunde 70. Hesabu halisi huwa kubwa zaidi, kwa sababu mikongo haikunyooka kama rula, bali hufuata pwani na sakafu ya bahari, na pakiti hupita katika vituo vingi vya kuzielekeza njia. Hata hivyo, hali ya leo ni afadhali mno kuliko ya zamani. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na dunia yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako safari ya kwenda na kurudi ilimeza karibu nusu sekunde kabla ya jambo jingine lolote kuongezeka.

Kukwama kwingi kunakowakasirisha wachezaji, hata hivyo, hakutoki baharini. Hutoka mlangoni mwa nyumba, kwenye ruta, kile kifaa kidogo chenye taa zinazomemeteka ambacho hupokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma na kuigawa kwa simu, kompyuta na televisheni za familia. Mwandishi wa makala haya alilielewa jambo hilo polepole na kwa gharama, mwaka 2023, katika nyumba ya watu saba huko Sinza, jijini Dar es Salaam, ambako mpwa wake wa miaka 17 alikuwa akicheza mpira wa mtandaoni kwenye PlayStation kila jioni baada ya kumaliza kazi za shule. Mchana mechi zilikwenda vizuri. Ilipofika saa mbili usiku, wachezaji wa kwenye skrini walianza kuteleza, mpira ukapotea na kuibukia mahali pengine, na mara kwa mara mechi ilikatika ikahesabiwa kuwa mpwa ameikimbia.

Hatua ya kwanza ya familia ilikuwa ile ambayo nyumba nyingi huichukua, yaani kununua kasi zaidi. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kilibadilishwa kuwa cha megabiti 40, bili ya mwezi ikapanda, na kwa miezi miwili hakuna kilichobadilika. Baadaye ndipo mwandishi alipousoma mkataba kwa makini na kugundua kwamba kilichoongezwa kilikuwa kasi ya kupakua, yaani data inayoingia nyumbani, ilhali kasi ya kupakia, yaani data inayotoka, ilikuwa imebaki megabiti 4 kama mwanzo. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa maandishi yalikuwepo. Kosa lilikuwa kununua dawa kabla ya ugonjwa kupimwa.

Upimaji wenyewe hauhitaji kifaa cha ziada. Karibu kila kompyuta ina amri iitwayo kwa jina lilelile, ikiandikwa ping, ambayo hutuma pakiti moja kila sekunde na kuandika muda uliotumika hadi jibu liliporudi. Kinachotakiwa ni kupima vituo vitatu badala ya kimoja. Kituo cha kwanza ni ruta yenyewe, ambayo katika nyumba nyingi hujibu kwa anwani 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kituo cha pili ni lango la kwanza la mtoa huduma nje ya nyumba, na cha tatu ni seva ya mbali, au kompyuta nyingine yoyote iliyo katika nchi ya seva hiyo. Kituo cha kwanza kikichelewa, tatizo lipo ndani ya nyumba, kwenye Wi-Fi. Cha kwanza kikiwa salama na cha pili kikachelewa, tatizo lipo kwenye laini ya kutoka nyumbani. Na viwili vya kwanza vikiwa salama, kilichobaki ni umbali au njia ya mbali, ambayo mwenye nyumba hana mamlaka nayo.

Nyumba ya Sinza ilikuwa na matatizo mawili kwa pamoja, na la kwanza lilikuwa la Wi-Fi. Ruta ilikuwa imewekwa nyuma ya televisheni sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kwa ajili ya vumbi, na kati yake na chumba cha mpwa kulikuwa na kuta mbili za matofali ya saruji. Pingi ya kutoka chumbani hadi kwenye ruta, safari ya mita chache tu, ilikuwa ikirukaruka kati ya milisekunde 3 na 90. Wi-Fi hutumia mawimbi ya redio, na mawimbi ya gigahezi 2.4, yanayopenya kuta vizuri zaidi, ndiyo yanayogombewa na ruta za majirani wote, pamoja na maikrowevu ya jikoni. Yale ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi lakini huchoka haraka yanapokutana na saruji. Katika gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ruta iliyoachwa kwenye chaneli ya 3 au ya 8 huwasumbua majirani wa pande mbili na kusumbuliwa nao. Ruta ilitolewa nyuma ya televisheni, ikapandishwa juu ya kabati bila kitambaa, ikahamishiwa chaneli ya 11 iliyokuwa na majirani wachache, na hali ikapata nafuu. Tiba kamili ilikuwa waya wa mtandao wa mita 18 uliopitishwa juu ya dari hadi kwenye PlayStation. Kuanzia siku hiyo, pingi ya hadi kwenye ruta ilishuka chini ya milisekunde moja na haikupanda tena.

Hata hivyo, ilipofika saa mbili usiku, mechi ziliendelea kuganda. Jumamosi moja mwandishi aliamua kukaa na kompyuta mezani sebuleni, huku ikipima lango la mtoa huduma bila kukoma. Mistari iliteremka kwenye skrini kwa utulivu: milisekunde 14, 13, 15, 14. Dada yake, mama wa yule kijana, alirudi kutoka harusini, akasalimia, akachomeka simu yake kwenye chaji juu ya friji, akaenda kubadilisha nguo. Haikupita dakika moja, namba zikaanza kupanda: 380, 720, 1,140. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya kijana, “Mjomba, imeanza tena!” Kifaa kimoja baada ya kingine kilitolewa kwenye Wi-Fi, bila mafanikio, hadi ilipofikiwa simu iliyokuwa juu ya friji, na palepale namba zikarudi 14.

Simu ile haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imepangwa, kama zilivyo simu nyingi, kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni kila inapokuwa kwenye chaji na Wi-Fi, na jioni ile ilikuwa na video za maharusi wakiingia ukumbini. Video ya megabaiti 300, ikipita kwenye laini ya kupakia ya megabiti 4 kwa sekunde, huhitaji dakika 10 nzima, na katika dakika hizo simu husukuma pakiti nyingi kadiri laini inavyoweza kubeba na kupita kiasi. Zinazozidi hazitupwi mara moja; huhifadhiwa kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda ndani ya kifaa cha mtandao, ambamo pakiti husubiri zamu. Bafa ya nusu megabaiti inaonekana ndogo, lakini kuimaliza kwa megabiti 4 kwa sekunde huchukua sekunde moja. Pakiti ya mpwa, iliyobeba taarifa ya shuti moja tu, ilifika mlangoni ikakuta harusi nzima imejipanga mbele yake, ikalazimika kusubiri hadi wote wapite.

Wataalamu wa mitandao wamelijua tatizo la foleni kwa miongo kadhaa. Mwaka 1986, laini iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, majengo yaliyokuwa karibu sana, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sababu ya msongamano, na mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha kanuni za kuifanya kompyuta inayotuma data ipunguze mwendo inapoona pakiti zinapotea. Kanuni hizo zilitegemea jambo moja: kwamba foleni ikijaa, pakiti zitadondoshwa, na kudondoshwa huko kutakuwa ishara kwa mtumaji. Kumbukumbu za kompyuta ziliposhuka bei, watengenezaji waliongeza bafa kubwa wakidhani wanatenda wema kwa kuzuia pakiti zisipotee, na kwa kufanya hivyo waliichelewesha ishara ile. Mwaka 2010, mhandisi wa Marekani Jim Gettys alipokuwa akinakili mafaili makubwa kutoka nyumbani kwake aliona ucheleweshaji ukipanda kupita kiasi, akauchunguza, na kuutangazia ulimwengu ugonjwa huo wa bafa zilizovimba.

Tiba ilifuata baada ya muda mfupi. Mwaka 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu iitwayo CoDel, ambayo haiangalii urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imekaa ndani yake. Muda huo ukizidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, pakiti huanza kudondoshwa ili mtumaji apunguze mwendo. Mbinu hiyo iliunganishwa na foleni ya haki katika programu iitwayo fq_codel, ambayo huzitenganisha safari za data katika vijifoleni vingi na kuvihudumia kwa zamu, huku safari yenye pakiti chache ikitangulizwa. Mwaka 2018, programu nyingine ya aina hiyo, CAKE, iliingizwa katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ikiwa na uwezo wa kugawa laini kwa haki baina ya vifaa vya nyumba moja. Ruta nyingi za bei ya kawaida zinaweza kuzitumia mbinu hizi, hasa zinazokubali mfumo huria wa OpenWrt, ambamo mpangilio huo hujulikana kwa herufi SQM, zikiwa na maana ya usimamizi mahiri wa foleni.

Familia ya Sinza haikufika hapo kwa hatua moja, na njia iliyopitia ina mafunzo zaidi kuliko mwisho wake. Kwanza ilijaribu katazo: simu zote zisichomekwe chaji hadi mechi iishe. Katazo hilo lilidumu siku nne, likamfanya kijana aonekane mbinafsi na mama yake aonekane mkosaji nyumbani kwa kaka yake, kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitenda kwa makusudi. Kisha ilijaribu mgawo: katika menyu ya ruta iliyotolewa na mtoa huduma kulikuwa na sehemu ya kuwekea kila kifaa kikomo cha kasi, na simu ya dada ikawekewa megabiti 2 za kupakia. Mgawo ulifanya kazi hadi walipokuja wageni, kila mmoja na simu yake ambayo haikuwemo kwenye orodha. Isitoshe, dada alibaki na megabiti 2 hata usiku wa manane, wakati ambapo laini nzima ilikuwa imelala bila kazi.

Hatua ya tatu ilikuwa kununua ruta ya mtumba inayokubali OpenWrt, kuiunganisha nyuma ya kifaa cha mtoa huduma, na kuwasha CAKE. Mpangilio wenyewe ulidai namba mbili tu, kikomo cha kupakua na kikomo cha kupakia, na siri yake ni kwamba namba hizo huwekwa chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Ruta haiwezi kuisimamia foleni iliyojipanga kwenye kifaa kingine. Ikiruhusu data yote itoke kwa kasi kamili, msongamano hutokea mbele yake, kwenye bafa ya mtoa huduma, ambako haina usemi. Ikijizuia kidogo, foleni hubaki ndani yake yenyewe, na hapo huweza kuamua nani apite kwanza. Baada ya kupima mara kadhaa kwa saa tofauti, kupakia kuliwekwa megabiti 3.4 na kupakua megabiti 34, yaani asilimia 85 ya laini. Video ya harusi iliyokuwa ikichukua dakika 10 sasa ilichukua karibu dakika 12, na pingi ya lango iliyokuwa ikifika 1,140 haikuzidi 25. Kwa dakika mbili ambazo hakuna aliyezihisi, familia ilipata tena jioni zake, na mwezi uliofuata kifurushi kilirudishwa kwenye megabiti 20, namba ya kupakua ikawekwa 17, bila mtu kulalamika.

Yapo pia mambo yaliyojaribiwa bila faida, na kuyataja ni sehemu ya uaminifu wa kumbukumbu. Kubadilisha DNS, yaani huduma inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya namba, hakukupunguza pingi ya mechi, kwa sababu tafsiri hiyo hufanyika mara moja kabla ya mchezo kuanza. Kufungua milango ya ruta, yaani kuruhusu data ya nje iingie moja kwa moja hadi kwenye kifaa fulani, kunaweza kumsaidia mchezaji anayeshindwa kuunganishwa na wenzake, lakini hakufupishi safari ya pakiti; na kukiweka kifaa nje ya ulinzi wote wa ruta, kama baadhi ya washauri wanavyohimiza, ni kuacha geti wazi kwa wezi ili mgeni mmoja asibishe hodi. Anayeingia kwenye mipangilio ya ruta kwa mara ya kwanza anapaswa kubadilisha nenosiri la kiwandani, kuandika pembeni kila namba anayoikuta, na kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kwani anayebadilisha matano kwa pamoja hatajua lipi lilimponya na lipi lilimuumiza.

Mbinu hii ina mipaka. Nyumba zinazotumia ruta za laini ya simu hukabiliwa na kasi inayobadilika kila saa kulingana na idadi ya watu waliopo kwenye mnara, hivyo kikomo kinachofaa asubuhi huweza kuwa kikubwa mno jioni, na hulazimu kiwekwe chini zaidi kuliko kwenye faiba. Nje ya nyumba, nguvu ya mwenye ruta hukoma kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani, na hakuna menyu ya ruta ambayo ingeweza kuurudisha ule waya uliokatika chini ya bahari. Siku hiyo mpwa hakugusa mpangilio wowote. Alipima vituo vyake vitatu, akaona viwili vya kwanza ni vizima na cha tatu hakijibu, akamwambia mjomba wake kwamba tatizo halikuwa la nyumbani, akaizima PlayStation na kutoka nje kucheza mpira wa miguu.

Utulivu ule ulikuwa tunda kubwa kuliko pingi ndogo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kila kukwama nyumbani mle kulitafutiwa mtu wa kulaumiwa, na lawama ilimwangukia yeyote aliyeshika simu wakati huo. Kipimo kilipokuja, lawama iliondoka kwa watu ikahamia kwenye foleni, na foleni, tofauti na ndugu, inaweza kupangwa bila mtu kuumia. Jumamosi jioni, dada bado hurudi kutoka kwenye sherehe na kuchomeka simu yake juu ya friji, video zake huanza kupanda kwenda hifadhini saa ileile ya mechi, na chumbani kijana huendelea kucheza bila kujua kwamba zimeanza.